Sanduku Lililovunjwa na Mlinzi Wake: Usimbaji wa Diski na Hukumu ya Amana

Katika fikihi ya Kiislamu, yaani elimu inayochambua hukumu za matendo ya mja, umo mlango unaoitwa wadia, unaoeleza hukumu za mali ambayo mtu humkabidhi mwenzake aitunze mpaka mwenyewe atakapoitaka. Mlango huo husomeshwa hadi leo katika darsa za mwambao wa Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, na miongoni mwa vitabu vikuu vya madhehebu hayo ni Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Ndani ya mlango huo Nawawi anataja suala la sanduku: mwenye mali anamkataza mlinzi asilale juu yake, mlinzi analala juu yake, sanduku linavunjika kwa uzito wake na kilichomo kinaharibika. Mlinzi huyo atalipa. Kilichomo kikiharibika kwa sababu nyingine isiyokuwa ule uzito, halipi, kwa kauli iliyo sahihi. Na kauli hiyo hiyo inamhusu aliyeambiwa asitie kufuli mbili naye akazitia zote mbili.

Suala hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, yaani kuzidisha ulinzi na kuzidisha usalama wa kinacholindwa. Kufuli ya pili haimtii mlinzi hatiani kwa kuwapo kwake tu, lakini ulinzi ambao wenyewe ndio umekiharibu kitu hauwezi kuwa udhuru kwa sababu eti nia yake ilikuwa njema. Hapo ndipo swali la zamani linapokutana na swali la ofisi za leo: fundi anayewasha usimbaji wa diski katika kompyuta ya kazini, kisha kompyuta ikagoma kufunguka na kazi ya miaka ikapotea, je, ameitunza amana au ameilalia?

Usimbaji wa diski ni utaratibu wa kugeuza kila kilichoandikwa ndani ya diski kiwe fumbo lisilosomeka bila ya ufunguo, na ufunguo unaokusudiwa hapa si chuma bali ni namba ndefu. Katika kompyuta zenye Windows kazi hiyo hufanywa na programu ya BitLocker, iliyoanza na toleo la Vista; katika kompyuta za Apple iko FileVault, na katika Linux uko utaratibu wa LUKS. Hesabu inayotumika sana ni ile inayojulikana kwa herufi AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kupitishwa kuwa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mwaka 2001. Ufunguo wake ulio mfupi kabisa una biti 128, na idadi ya funguo zinazowezekana kwa urefu huo ni namba yenye tarakimu 39, kwa hiyo hakuna wa kuubahatisha. Tangu mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alikwisha kuweka msingi kwamba mfumo wa siri unapaswa kubaki salama hata adui akiujua wote, maadamu hajaupata ufunguo. Msingi huo una upande wa pili usiosemwa mara nyingi: ikiwa usalama wote umewekwa katika ufunguo, basi umiliki wote nao umehamia huko, na mwenye mali aliyepoteza ufunguo yuko sawasawa na mwizi mbele ya diski yake mwenyewe.

Hata hivyo, kusimba ni wajibu. Kompyuta mpakato ya hospitali hubeba majalada ya wagonjwa, ya shule hubeba matokeo ya wanafunzi, ya chama cha akiba na mikopo hubeba madeni ya watu, na vyote hivyo si mali ya aliyeshika kompyuta wala si mali ya ofisi peke yake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data za watu mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote mbili zimeweka katika maandishi jambo ambalo maadili ya amana yalikwisha kulisema, kwamba anayeshika habari za watu hazimiliki kwa kuzishika. Kompyuta isiyosimbwa ikiibwa, mwizi hahitaji nenosiri: hufungua kifuniko, huichomoa diski, huichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma. Ofisi iliyoacha hali hiyo imefanya taksiri, neno ambalo mafakihi hulitumia kwa uzembe wa mlinzi asiyeweka kitu mahali panapostahiki kitu cha namna yake.

Ugumu huanzia katika kusimika usimbaji huo, na sababu zake zinafaa kuelezwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa hukumu ya kimaadili haiwezi kutangulia kuelewa kilichotokea. Ndani ya kompyuta nyingi za sasa mna chipu iitwayo TPM, ambayo huhifadhi kinachohitajika kufungulia diski na kukitoa pale tu inaporidhika kwamba mashine imewaka vile vile ilivyokuwa siku ya kufungwa. Chipu hupima hatua za kuwaka, kuanzia programu dhibiti iliyo kwenye bodi mama hadi kile kinachouita mfumo endeshi, na kipimo kikitofautiana na cha awali hunyamaza. Ikiwa chipu imezimwa katika mipangilio ya mashine, usimbaji hukataa kuanza. Ikiwa diski haina ile sehemu ndogo isiyosimbwa ambayo mashine huianzia kabla ya kuifungua nyingine, usimbaji hukataa pia. Hizo ni kasoro nyepesi, kwa kuwa hutokea kabla ya chochote kufungwa, na fundi mwenye subira huzimaliza.

Nzito ni zile zinazotokea baadaye. Programu dhibiti imesasishwa, au bodi mama imebadilishwa baada ya kuungua, au mtu amebadilisha mpangilio wa kuwaka ili mashine ianze kwa diski ya nje. Asubuhi mfanyakazi anawasha kompyuta yake na kukuta skrini inayomtaka aandike ufunguo wa urejeshaji, yaani namba ya akiba yenye tarakimu 48 zilizopangwa katika mafungu manane ya tarakimu sita sita. Kila fungu hugawanyika kwa 11 bila baki, hivyo anayekosea tarakimu moja huambiwa mara moja, na skrini huonyesha kitambulisho cha ufunguo ili fundi akilinganishe na kilicho katika kumbukumbu zake. Mfanyakazi huona amedhulumiwa: yeye ndiye yeye, kiti ni chake, nenosiri analikumbuka. Lakini chipu haimjui mtu wala haina njia ya kuijua nia. Inahukumu kwa dhahiri, kama kadhi anavyohukumu kwa ushahidi ulioletwa mbele yake, na kwa dhahiri hiyo fundi aliyebadilisha bodi mama na mwizi aliyehamisha diski wamefanya jambo moja. Ufunguo wa urejeshaji ndio ushahidi unaowatenganisha. Asiye nao hana kesi.

Ndiyo maana swali la kwanza la kiadili ni mahali ufunguo huo ulipowekwa kabla ya kufuli kufungwa. Watengenezaji wa mfumo walilifikiria: katika mipangilio ambayo idara ya TEHAMA huipeleka kwa kompyuta zote za ofisi, kuna sharti linalozuia usimbaji usianze mpaka ufunguo wa urejeshaji uwe umefika na kuhifadhiwa katika orodha kuu ya ofisi. Mtandao ukiwa mbovu, au kompyuta ikiwa haijaunganishwa na orodha hiyo, sharti hilo husimamisha kazi nzima, na fundi mwenye mashine nyingi mezani huliona kuwa ndilo tatizo. Akiliondoa, kazi inakwenda, na jioni ripoti inasema kompyuta zote zimesimbwa. Kwa hakika alichoondoa ndicho kilichokuwa kinaitenganisha amana na maangamizi, kwa kuwa tangu saa hiyo kila diski ile inasubiri tu sasisho la kwanza lenye matata ili igeuke sanduku lisilo mwenyewe. Hakuna kosa katika uwanja huu ambalo insha hii inaliona kubwa kuliko hilo, na ubaya wake unazidi kwa kuwa kwa nje linafanana na utekelezaji mwema wa kazi.

Liko na kosa lililo kinyume chake. Kompyuta nyingine hutoka kiwandani diski yake ikiwa imekwisha kusimbwa, huku ufunguo umeachwa wazi ndani ya diski ile ile kusubiri mtu akamilishe utaratibu. Mwenye haraka hutazama, huona neno la kwamba diski imesimbwa, huridhika na kuondoka. Mlango umefungwa na ufunguo umening'inia kwenye kitasa. Makosa haya mawili, la kufunga bila ya njia ya kufungua na la kuonyesha kufuli bila ya kufunga, yana chanzo kimoja: mlinzi ameshughulikia sura ya ulinzi na kumsahau mwenye mali.

Inaweza kupingwa kwamba kumlinganisha fundi na mlinzi wa Nawawi si sawa, kwa kuwa yule wa sanduku alikatazwa kwa maneno akakaidi, na huyu hakukatazwa na mtu. Pingamizi hilo ni la haki na lina majibu mawili. Kwanza, katazo lipo: miongozo ya mifumo hii husema wazi kwamba ufunguo wa urejeshaji uhifadhiwe nje ya mashine, na kwamba ulinzi usimamishwe kwa muda kabla ya kusasisha programu dhibiti, kisha urudishwe. Pili, mafakihi hawakuishia kwenye katazo; wamemwajibisha pia mlinzi aliyefanya taksiri hata kama hakuna aliyemwambia neno, na kumwajibisha aliyeichanganya amana na mali yake hata zisitenganike. Anayeweka namba ya urejeshaji katika simu yake binafsi, au katika daftari lake analokwenda nalo nyumbani, yuko karibu sana na mchanganyiko huo.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia ilipata mfano wa hali hii kwa ukubwa ambao haukuwahi kuonekana. Sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na nyingi zilihitaji mtu asimame mbele ya kila moja na kuirekebisha kwa mkono. Zilizosimbwa ziliomba kwanza ufunguo wa urejeshaji. Ofisi zilizokuwa na orodha nzuri ziliandika tarakimu 48 kwa kila mashine, kazi ya kuchosha lakini yenye mwisho. Kwingine orodha ya funguo ilikuwa ndani ya seva zile zile zilizokwisha kuanguka, na ufunguo ukawa umefungiwa ndani ya sanduku ambalo wenyewe ndio ulitakiwa kulifungua.

Hukumu ya wadia ina kifungu kingine kinachostahili kuzingatiwa kuliko vyote, nacho ni cha mlinzi anayekaribia kuondoka. Akishikwa na ugonjwa wa kuhofiwa, humpasa kuirudisha amana kwa mwenyewe au wakili wake, akikosa basi kwa kadhi au kwa mtu mwaminifu, au aiusie. Akinyamaza ikapotea, anabeba dhamana. Sira nayo inaeleza kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622, akiwa anatafutwa auawe, alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma ili azirudishe amana za watu, na miongoni mwao walikuwamo wasiomwamini. Kuondoka, hata kuondoka kwa hatari, hakukufuta haki ya mwenye mali. Fundi wa ofisi naye huacha kazi, huhamishwa, hufa. Ikiwa funguo za diski alizijua yeye tu, ofisi haikuwa na usimbaji, ilikuwa na mtu.

Kwa upande wa mfanyakazi hofu yake isipuuzwe. Ofisi inayoshika ufunguo wa urejeshaji inaweza kuifungua diski yake yeye akiwa hayupo, na ndani yake huenda mna barua za ndoa yake au majibu ya daktari wake. Jibu la haki si kumwachia yeye peke yake ufunguo wa kazi ya watu, bali ni kuuweka ufunguo huo kwa amini anayejulikana, kila anayeuomba aandikwe jina, saa na sababu, na ukishatumika ubadilishwe. Jambo hilo linawezekana bila gharama kubwa, kwa kuwa namba ya urejeshaji haisimbi data yenyewe. Inafunika tu ufunguo wa ndani, na inaweza kuondolewa na kuwekwa nyingine bila kuisimba upya diski yote.

Kilichobaki ni ombi kwa wakuu wa ofisi na mafundi wao. Kabla ya mwezi huu kuisha ichaguliwe kompyuta moja ambayo kazi yake imekwisha kunakiliwa mahali pengine, ilazimishwe kuomba ufunguo wa urejeshaji, na mtu ambaye si aliyeisimika apewe kazi ya kuutafuta na kuuandika. Akiupata, ziendelee kusimbwa nyingine. Asipoupata, usimbaji usimamishwe siku hiyo hiyo katika kompyuta ambazo hazijafungwa, na kwa zile zilizokwisha kufungwa lakini bado zinawaka, ufunguo utolewe sasa na kupelekwa kunakohusika, maana saa ya kufanya hivyo ni wakati mashine ingali inafunguka.