Safari za Baba wa Mtakatifu Tereza

Louis Martin, aliyetangazwa mtakatifu pamoja na mkewe Zélie mwaka 2015, alikuwa fundi wa saa mjini Alençon, katika Ufaransa. Mwaka 1870 aliliacha duka lake. Mwaka 1877 Zélie akafa, akamwachia mabinti watano. Louis akahamia nao Lisieux, akaishi kwa akiba yake.

Kazi ya mikono ilikwisha, lakini miguu yake ilipenda njia. Mwaka 1885 alisafiri na padri mmoja hata Constantinople, nchi ya Waturuki. Nyumbani watoto walikuwa wakipunguka: Pauline aliingia utawa wa Karmeli mwaka 1882, Marie akamfuata mwaka 1886.

Tereza, kitinda mimba, naye akaomba, na baba akakubali. Novemba 1887 alimpeleka Roma pamoja na Céline. Huko Tereza, mwenye miaka 14, alipiga magoti mbele ya Papa Leo XIII, akaomba ruhusa ya kuingia Karmeli. Mzazi gani hulipa nauli ya safari itakayomwondolea mtoto? Huyu alilipa.

Tarehe 9 Aprili 1888, mlangoni pa watawa, Tereza alipiga magoti apate baraka. Baba naye akapiga magoti, akambariki huku akilia.