Waambie Wavue Viatu

Mwanangu, nimesikia umeteuliwa kuwa mganga mkuu wa wilaya. Hongera, na pole kwa mzigo. Mimi nesi mstaafu sina cheo cha kukuamuru. Haya ninayokuambia nimeyasema vikaoni mpaka nikachoka, lakini nayarudia kwako kwa kuwa wewe ndiyo kwanza unaanza.

Kisukari si ugonjwa wa vigogo wa mjini. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wanacho. Na wako wengi wanaotembea nacho bila kujua.

Usiniambie nchi haiwezi kumtunza mwenye maradhi ya maisha yote. Tulipoanza kugawa dawa za VVU bure mwaka 2004, wapo waliodai kuwa Mwafrika hana saa, atamezaje dawa kwa wakati? Tukampa kila mtu kadi na namba, tarehe ya kurudi ikaandikwa, na asipofika mhudumu wa jamii akaenda kumpigia hodi. Watu wakaishi. Najua fedha nyingi zilitoka nje, lakini kuandika daftari na kupiga hodi ni kazi iliyofanywa na watu wetu. Sasa niambie, mgonjwa wa kisukari asipoonekana miezi mitatu, nani anauliza? Anakumbukwa siku anapoletwa na mguu unaonuka.

Kwenye mguu niache nikae kidogo. Mzee anakuja kliniki, anapimwa sukari, anaandikiwa metformini, anaondoka na viatu vyake miguuni. Mwambie avue, na soksi pia. Tazama kati ya vidole, kisha inua nyayo. Unaweza kukuta kijiwe kimemchoma tangu jana na hana habari, maana ganzi imeshaondoa uchungu. Mguse na ule uzi wa nailoni wa gramu 10. Asipohisi, jina lake litiwe alama, arudi mapema, afundishwe kukagua nyayo kila jioni. Kama macho yamefifia, mjukuu amkagulie. Hapo hatuhitaji mtambo wowote. Tunahitaji dakika chache na mhudumu asiyeona kinyaa. Nimewaona wengi mno wakikatwa mguu kwa kidonda ambacho kingeoshwa na kufungwa zahanati.

Watoto nao, tafadhali. Mtoto anayekunywa maji mfululizo, ameanza upya kukojoa kitandani, amekonda, leo anatapika na kuhema kwa nguvu: wahudumu wako wasikimbilie malaria tu. Tone la damu kidoleni, wapime sukari papo hapo. Akichelewa siku moja anaweza kufa. Na akiishi, insulini ni uhai wake kila siku. Mama yake asipokuwa na friji, afundishwe chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, kichupa kikae kikavu kivulini. Mwenye friji aonywe asiiweke ikaganda, kwani iliyoganda ni ya kutupwa.

Kuhusu kinga sitakuchosha. Huko Finland, utafiti uliotolewa mwaka 2001 ulionyesha kuwa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, waliposaidiwa kupunguza uzito, kula vizuri na kufanya mazoezi, hatari ilishuka kwa asilimia 58. Walisaidiwa, mwanangu, hawakukaripiwa. Kwa hiyo wahudumu wasimwambie mama wa watu aache ugali, kwani hataacha. Wamwonyeshe sahanini: tonge lipungue, mchicha na maharage yaongezeke, na chai aizoee bila sukari.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami niliifurahia kwa dhati. Lakini kadi ya bima haimsaidii mtu aliyetoka nyumbani alfajiri, hajala, akafika akaambiwa vijiti vya kupimia vimekwisha. Vimekwisha kwa sababu zahanati inanakili maombi ya mwaka jana na kuyapeleka yalivyo. Kabla ya kutuma maombi yajayo Bohari ya Dawa, kaa na mfamasia wako mhesabu majina yaliyomo kwenye daftari la kisukari la kila kituo. Kituo kisicho na daftari, walianzishe wiki hiyohiyo, na wewe mwenyewe uende kulisoma.