Kovu ni la Nani?

Darasani tunafundishwa: usimwambie msomaji, mwonyeshe. Aone rangi, asikie harufu. Nakubali. Mwaka 2015, Warundi walipokimbilia Kigoma, wengine wakivuka mpaka Manyovu, kwetu Buhigwe, habari ziliwataja kwa maelfu. Lakini maelfu hayana kiu wala miguu iliyovimba. Mtu mmoja anavyo, na kumwandika kwa ujumla ni kumnyima uso.

Tatizo linaanza hapo. Nikiandika kovu la shavuni, kuchechemea kwake na kilima anacholima, msomaji wa Dar es Salaam ataona binadamu. Jirani yake ataona nani hasa. Kubadilisha jina hakumfichi, maana kijijini mtu hujulikana hata kwa kikohozi chake. Maelezo yaleyale yanayompa uhai kwenye ukurasa yanaweza kumwaibisha kisimani.

Basi tuandike kwa ukungu? Hapana. Mimi natenganisha vya wote na vya mmoja. Udongo mwekundu unaoganda kwenye viatu wakati wa mvua, kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja, baridi ya alfajiri milimani: hivyo naviandika bila kumwomba mtu, tena kwa kina. Kovu lina mwenyewe. Hilo namsomea kwanza nilivyoliandika, kwa Kiha au Kiswahili, lugha anayoielewa vizuri zaidi, kisha namuuliza kama libaki. Akikataa nalifuta, hata kama ndiyo sentensi nzuri kuliko zote nilizoandika.