Bangi, Dawa na Amri ya Nane

Toka Tandale hata Mbagala hawakosi wasemao kwamba bangi ni dawa: mara ya kifafa, mara ya saratani. Mzazi mwenye mtoto wa kifafa hawezi kuyasikia hayo bila moyo kumdunda. Yampasa aambiwe kweli.

Mwezi wa Juni 2018 serikali ya Marekani ilikubali dawa iitwayo Epidiolex, itokayo katika mmea huo, kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Lakini hiyo ni kanabidioli iliyosafishwa, hupimwa kwa miligramu, wala hailevyi. Msokoto wa kijiweni ni kitu kingine. Hakuna ajuaye umebeba nini, na wa leo si sawa na wa jana.

Hapo ndipo wataalamu wanapokwama. Kujaribu dawa kwa haki, wagonjwa wengine hupewa dawa na wengine kitu kisicho na nguvu, pasipo wao kujua. Lakini aliyepewa kilevi hujitambua mara. Wavutaji wengi huvuta na tumbaku pia. Kifua kikiharibika, tutamshitaki nani? Tena kwetu bangi imekatazwa kwa sheria ya mwaka 2015. Nani atamfungulia moyo mgeni mwenye karatasi na kalamu, asidhani ni askari?

Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika orodha iliyo kali kuliko zote, kwa kura 27 dhidi ya 25. Wako waliotangaza kwamba imeruhusiwa. Sivyo, ingali chini ya mkataba wa 1961.

Kanisa halikatai dawa kwa sababu ya jina lake. Papa Pius XII aliwaeleza matabibu mwaka 1957 kwamba yafaa kutuliza maumivu hata kwa dawa za kulevya, na Katekisimu yakataza madawa hayo ila kwa tiba hasa. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zimetoa methadoni, iliyo jamaa ya heroini, kwa kipimo na chini ya uangalizi.

Amri ya nane haivunjwi na muuza mafuta ya bangi peke yake. Tukiwaambia vijana kwamba mmea huo hauna faida hata chembe, hawatatusadiki tutakaposema, nayo ni kweli, kwamba waweza kuharibu akili ya kijana angali anakua.

Nawe mama, mtoto akianguka, mpeleke hospitali. Usimwachishe vidonge vyake ghafula kwa ajili ya chupa iliyouzwa mlangoni. Kifafa chaweza kurudi kikali kuliko kwanza.