Mwenye Goti na Mwenye Kipimo: Swali la Uwezo wa Mwili

Kupima uwezo wa kimwili wa mgonjwa wa magoti huonekana kuwa kazi ya kitabibu tupu, lakini ndani yake mna swali la kifalsafa lisilokwepeka: mtu anaposemwa kuwa hawezi, ni nani mwenye haki ya kutoa hukumu hiyo, na kwa kigezo gani? Swali hili huwa zito zaidi katika osteoathritisi, ugonjwa wa kulika kwa gegedu, yaani tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Mfumo wa Kellgren na Lawrence, uliochapishwa mwaka 1957, huyapanga madhara yanayoonekana katika picha ya eksirei kwa madaraja kuanzia 0 hadi 4. Hata hivyo wapo wagonjwa ambao magoti yao yameharibika sana na bado wanatembea bila taabu kubwa, na wapo ambao picha zao zina dosari ndogo tu ilhali ngazi chache zinawashinda.

Kwa kuwa picha haitoshi, matabibu hutumia njia mbili. Ya kwanza ni hojaji, na mojawapo iliyoenea sana ni WOMAC, iliyobuniwa Kanada katika miaka ya 1980, yenye maswali 24, ambayo 17 kati yake yanahusu matendo kama kushuka ngazi, kuvaa soksi na kuinuka kitandani, na mgonjwa mwenyewe hukadiria ugumu wa kila tendo. Ya pili ni jaribio la utendaji: mgonjwa huketi kitini, hukunja mikono kifuani, kisha huhesabiwa ni mara ngapi amesimama wima ndani ya sekunde 30.

Njia hizi hazikubaliani daima. Wiki chache baada ya kuwekewa goti la bandia, mgonjwa anaweza kueleza kwamba amepata nafuu kwa sababu maumivu yamepungua, ilhali saa inaonyesha kwamba mwendo wake ni wa polepole kuliko kabla ya upasuaji. Ni rahisi kudhani kwamba saa imesema kweli na mgonjwa amekosea, lakini dhana hiyo haimtendei haki, kwa kuwa saa hupima tendo lililokamilika, wala haina namna ya kujua tendo hilo limemgharimu nini aliyelitenda.

Wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, walilikabili swali hili karne nyingi kabla ya hojaji, kwa sababu Sala hudai kusimama, kurukuu, kusujudu na kuketi, na asiyeweza amepewa ruhusa kwa kadiri ya uwezo wake. Imamu al-Juwayni, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1085, aliona kwamba mtu huhesabiwa kuwa hawezi kusimama pale kusimama kunapomletea mashaka yanayomwondolea khushuu, yaani utulivu na unyenyekevu wa moyo mbele ya Mungu. Uzito wa rai hiyo ni kwamba mtu huyo anaweza kusimama kwa maana ya saa, na bado akawa hawezi kwa maana ya ibada, kwa kuwa maumivu yameliteka lile ambalo kusimama kulikusudiwa kulitumikia.

Fikihi hiyo hiyo hufundisha kwamba lililo jepesi haliondoki kwa sababu ya lililo zito, hivyo anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu husimama, kisha huinama kadiri awezavyo badala ya sijda iliyomshinda. Kila tendo hupimwa peke yake. Hojaji, kinyume chake, hujumlisha majibu kuwa alama moja, na alama hiyo inaweza kuwalinganisha watu wawili wasiofanana, mmoja akishindwa na ngazi na mwingine akishindwa kuinama. Tena maswali yale 17 hayaulizi juu ya kupiga magoti. Kutembea mahali tambarare huhitaji goti likunjike kwa takriban digrii 60, lakini kukalia visigino huhitaji zaidi ya 140. Basi anayesali, au anayefanya kazi zake chini sakafuni, anaweza kupata alama nzuri huku amepoteza tendo alilolithamini kuliko yote.

Yapo mapingamizi ya haki: mtu hujidanganya, kwa hofu akajiona dhaifu kuliko alivyo, au kwa kiburi akaficha maumivu. Fikihi haikuupuuza udhaifu huo, kwani iliufanya ushuhuda wa mgonjwa kuwa amana baina yake na Mola wake, na papo hapo ikaikubali kauli ya tabibu mwaminifu. Saa na hojaji zinastahili nafasi ya tabibu huyo, nafasi ya kushauri na kusahihisha. Lakini hakuna anayeweza kuanza kupima kwa haki kabla ya kumuuliza mgonjwa ni matendo gani ambayo maisha yake yameyategemea, kwa kuwa uwezo si sifa ya goti peke yake. Ni uhusiano wa mtu mzima na wajibu alioukubali, na kipimo kisichoujua wajibu huo hakijampima yeye.