Halali na Kifaacho: Fundisho la Krokei

Vijana wanaojifunza krokei huuliza swali ambalo si dogo: je, ni haki Mkristo kuutupa mbali mpira wa mwenziwe?

Krokei si kriketi. Mchezaji hushika nyundo ya mti yenye mpini mrefu, na mpira wake una rangi yake: buluu, nyekundu, nyeusi au manjano. Kwa zamu huupiga upite chini ya matao sita ya chuma yaliyosimikwa kwenye majani, kila tao mara mbili kwa mpangilio wake, kisha uguse kigingi cha katikati. Apitaye tao hupata pigo moja zaidi. Augongaye mpira wa mwingine hupata mapigo mawili: kwa pigo la kwanza huweka mpira wake ubavuni mwa ule alioupata na kuupiga wake ili yote miwili isogee pamoja. Hapo aweza kumsukuma mwenziwe hata ukingoni mwa uwanja, na sheria inamruhusu.

Mchezo huu si mgeni duniani. Klabu ya Wimbledon, ijulikanayo leo kwa tenisi, ilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya krokei. Hapa Afrika, Wamisri wametwaa mara nyingi ubingwa wa dunia wa namna mojawapo ya mchezo huu.

Je, basi, unafundisha ukatili? Sisi twasema hapana, kwa sababu tatu. Kwanza, aliyesukumwa aliingia uwanjani kwa hiari. Pili, zamu yake itarudi. Tatu, mchezo ukiisha wote huanza tena sawasawa, wala hakuna alalaye njaa.

Sasa tutoke uwanjani twende shambani. Hapa kwetu Songea, mwezi Februari ghala zikiwa tupu, mtu hununua mahindi yangali mabichi shambani kwa jirani mwenye mgonjwa. Bei wamepatana na mashahidi wapo. Mnunuzi husema, "Biashara ni mchezo, leo kwangu, kesho kwako."

Hatuna budi kumpinga. Jirani hakuingia kwa hiari, ameingizwa na shida. Zamu yake hairudi, maana mavuno yakifika si yake tena. Wala msimu ujao hawaanzi sawa: mmoja ana ghala, mwenzake ana deni.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba jambo kuwa halali hakutoshi. Yafaa kutazama pia faida ya mwingine. Hatusemi tumfukuze jirani mikono mitupu, kwa kuwa mgonjwa wake angoja dawa. Tumkopeshe tukiweza. Kama ni kununua, tununue sehemu tu, kwa bei ambayo hatutaona haya kuitaja mbele yake siku ya mavuno, tukimwachia mahindi ya kula na ya mbegu.

Basi kabla hujainua nyundo yako, tazama kwanza kama mwenzio anayo zamu nyingine.