Udongo wa Kazi ya Wengine

Mabaharia wa Kapteni George Vancouver walipopita pwani ya kusini-mashariki ya Alaska mwaka 1794, mahali panapoitwa leo Glacier Bay palizibwa na ukuta wa barafu. Mtafiti wa maumbile John Muir alipofika kwa mtumbwi mwaka 1879, akiongozwa na wenyeji Watlingit, barafu ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita na kuacha miamba mitupu na kokoto. Leo kwenye mdomo wa ghuba hiyo kuna msitu mzito wa sprusi, miti ya jamii ya msonobari, mirefu na yenye kijani cha kuiva, inayopenda mvua na ukungu wa bahari. Mgeni akiuona hudhani umekuwapo tangu siku ya tatu ya uumbaji.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 4, Yesu anawakumbusha wanafunzi wake kwamba mavuno wanayoyaendea yalitolewa jasho na watu wengine. Kila ninaposoma maneno hayo naukumbuka msitu ule.

Sprusi haikutangulia kufika. Kwanza mwamba ulivikwa utando mweusi wa viumbe vidogo, kisha ukaja mmea utambaao uitwao drayasi. Baadaye vikaota vichaka vya alda, na hapo ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Mizizi ya alda ina vinundu vyenye bakteria wanaochukua nitrojeni hewani na kuitia ardhini, kama zifanyavyo kunde shambani. Majani yake yalianguka na kuoza mwaka hadi mwaka, na kokoto zisizo na rutuba zikawa udongo. Mbegu za sprusi, zenye vibawa vyepesi, zililetwa na upepo. Miche yake ilikua polepole chini ya alda, ikaipita kimo, ikaifunika. Alda haiwezi kuishi bila jua. Hufia katika kivuli cha mti iliousaidia kukua.

Nawafikiria makatekista wa kwanza wa vijiji vyetu, waliotembea kwa miguu na kufundisha chini ya mwembe, ambao majina yao hayamo kwenye jiwe la msingi la kanisa tunaloliona zuri. Nawafikiria akina mama waliouza ndizi ili mtoto asome, na mtoto huyo sasa ana wageni wengi kiasi kwamba mama hapati kiti sebuleni. Inaniuma kuwaona wamekaa nyuma, kimya, huku sisi tukisifu kimo chetu.

Lakini ghuba ile ina neno gumu kwa wazee pia. Wanasayansi wamegundua kwamba alda hiyohiyo inayorutubisha ardhi huweza pia kuisonga miche ya sprusi, kwa kivuli chake na kwa mizizi inayogombea maji na chakula. Anayelisha aweza pia kubana. Mzee aliyeanzisha kwaya na bado hataki kijana ashike daftari, mzazi anayemkumbusha mwana ada aliyomlipia kila anapotaka kuamua jambo: hao nao tunawapenda, nao tuwaambie kwa upole wasogee kidogo ili jua lipite.

Tena ardhi ile iliyoonekana mpya ilikuwa na wenyewe. Watlingit wa Huna waliishi huko kabla barafu haijasonga mbele na kuwafukuza katika karne ya 18. Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliifanya ghuba kuwa hifadhi, na baadaye wakawekewa mipaka katika nchi ya mababu zao. Mwaka 2016 ndipo nyumba ya koo zao ilipofunguliwa ufukweni, karibu na msitu wenyewe. Ilichukua muda mrefu mno kwa waliotangulia kupewa tena mahali pa kukaa.

Kwa hiyo, katika sala za Jumapili hii, naomba kila jumuiya itaje kwa sauti jina la mtu mmoja aliyeianzisha. Kama bado yu hai na hawezi tena kutembea hadi kanisani, viongozi waende kwake kabla ya Jumatano, wakae naye, wamwulize siku zile ilikuwaje, na kijana mmoja aandike.